Nguzo Aliyoegemea Avice

Kila Jumapili Avice mpika pombe alisimama mahali palepale kanisani, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya katikati ya ubavu wa kaskazini, ule ukumbi mwembamba wa pembeni, na hakuna mtu wa Ashmarley aliyethubutu kumwambia asogee. Enzi zile makanisa yetu hayakuwa na viti. Wazee na wagonjwa walikaa kwenye kibaraza cha mawe kilichoambaa ukuta, wengine wote wakasimama, na mwenye kuchoka akachoka kimyakimya. Avice alikuwa na miguu mibovu kwa miaka mingi ya kusimama juu ya sakafu yenye unyevu akikoroga kimea, kwa hiyo watu walidhani anaegemea kwa sababu ya miguu.

Bwana Hamo, mfanyabiashara wa sufu, ndiye aliyeujenga ubavu ule. Alikuwa akimwona Avice pale nguzoni na kucheka ndani ya ndevu zake. Siku moja aliwaambia wazee wenzake wa kanisa, kwa sauti ya kutosha ili mwenyewe asikie, kwamba hatimaye hata mama yule amekubali kuwa Hamo hujenga vitu vyenye nguvu. Avice alisikia. Alikuwa na jambo la kumwambia Hamo kuhusu nguzo ile, ila siku yake ilikuwa bado.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na mdomo usio na pazia. Nyumba yake ilikuwa mlangoni kabisa pa uwanja wa kanisa, na kila pombe ilipoiva alisimamisha fagio juu ya mlango, nasi tukajua. Pombe yake ya shayiri haikuwa na mpinzani. Hata waliomchukia waliinywa, na waliomchukia hawakuwa wachache, maana alisema alichokiona, na alikuwa anaona mengi.

Ugomvi wake na Hamo ulianzia kwenye jiwe. Mashamba yetu yalikuwa vipande vyembamba vilivyolazana ubavu kwa ubavu, na kati ya kipande na kipande palikuwa na jiwe la mpaka. Majira fulani ya kulima jiwe la Hamo lilionekana limesogea ndani ya shamba la mjane mmoja. Kesi ikaenda kwenye baraza la bwana wa kijiji. Hamo akaapa kwamba jiwe halikuguswa, na watu, wakijua mkono wake ulivyo mrefu, wakatazama viatu vyao. Avice akasimama bila kuitwa.

"Jiwe halina miguu," alisema. "Kama limehama, kuna aliyelibeba, na aliyelibeba mgongo unamuuma leo. Mwambieni Bwana Hamo ainame aokote kofia yangu."

Akaitupa kofia chini. Hamo akajaribu kuinama, akaishia nusu ya njia, akabaki hapo kama mlango uliokwama. Baraza zima lilicheka mpaka karani akafuta machozi. Siku hiyohiyo Hamo akalirudisha jiwe mwenyewe, mchana kweupe, kijiji kizima kikimshangilia kila alipolitua kupumzika. Alipopita mbele ya Avice alisimama. Alimtazama tu, na kama ningekuwa mimi nimetazamwa vile ningehama kijiji.

Avice hakuhama. Alikuwa ameolewa na Tebald mwezeka mapaa, mwanaume mpole ambaye Avice alimpenda mno, na alikuwa na mimba yake ya kwanza baada ya kungoja mpaka watu wakaacha kuuliza. Wakati wa mavuno Tebald akashikwa na homa akafa. Mtoto akazaliwa kwenye baridi kali ya katikati ya kipupwe, siku ambayo kisima kiliganda na kamba yake ikasimama kama fimbo.

Mkunga wetu alikuwa Sibley, mke wa Hamo, na nisimsingizie: alikuwa mwanamke mwema mwenye bahati mbaya ya mume. Alikuja haraka alipoitwa. Uchungu ulidumu, na mtoto alipotoka alikuwa wa kiume, wa buluu, anapumua kwa kukatakata. Sibley aliona hatafika mlango wa kanisa. Kila mkunga alifundishwa la kufanya katika hali ile: mwagie maji mtoto kichwani, tamka maneno, naye atakuwa Mkristo kama aliyebatizwa na padri. Akatumbukiza mkono ndooni, mkono ukagonga barafu. Kando ya kitanda palikuwa na mtungi wa pombe aliowekewa mzazi apate nguvu. Mtoto alipumua, akaacha. Sibley akaunyakua mtungi ule, akammwagia, akamwita Lewin kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mtoto akafumba macho akafa akinukia kimea.

Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Padri Rolf alimzika Lewin upande wa kusini wa kanisa, penye jua, wanakozikwa Wakristo wote. Avice hakuwapo. Desturi yetu mwanamke aliyejifungua hakanyagi kanisani wala uwanjani mpaka siku zake zitimie, ndipo padri ampokee mlangoni ameshika mshumaa na kumwombea. Alikuwa amelala kitandani, maziwa yakimtoka bure, akijifariji kwa jambo moja tu, kwamba Lewin yuko pamoja na baba yake.

Sibley, kwa roho nzuri ile ile, alimsimulia mumewe. Pengine alitaka faraja. Hamo alisikiliza mpaka mwisho, akavaa joho, akaenda kwa padri.

Sheria ilikuwa wazi, na Hamo aliijua vizuri. Ubatizo ni wa maji. Si wa divai, si wa maziwa, si wa pombe. Ukitumia kingine, umemlowesha mtoto bure. Padri Rolf alimwita Sibley kumuuliza, na Sibley akalia tu, hakuweza kutoa neno, mumewe akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. Mama mtoto hakuulizwa, kwa kuwa hakuruhusiwa kuvuka lango. Padri akaamua kwa maneno ya Hamo: mtoto hakubatizwa, na asiyebatizwa hakai katika ardhi iliyobarikiwa.

Avice aliyaona yote kupitia dirisha lake. Aliona majembe, akadhani kuna mtu mwingine amefariki. Kisha akaona ni wapi wanachimba. Aliona kijifurushi kikitolewa na kupitishwa nje ya ukuta, mpaka kwenye kichaka cha miiba tulikokuwa tukitupa mbwa waliokufa. Hamo alikuwa amesimama langoni, mikono ameitia mkandani, na kazi ilipokwisha aligeuka akalitazama dirisha. Hakucheka. Aliinama, polepole, mpaka chini kabisa, akaokota kijiti na kukitupa kando. Mgongo wake ulikuwa umepona.

Tangu hapo Avice alikuwa na kazi moja duniani, na pombe ilikuwa ya kumwekea mkate mezani tu wakati akiingojea.

Siku zake zilipotimia alipokelewa na mshumaa wake mlangoni. Alimwomba Padri Rolf amrudishe mtoto. Padri alikuwa na huruma ila hakuwa na uti wa mgongo, akasema mikono yake imefungwa. Avice hakubishana. Ila alikumbuka kitu alichokisikia kwa bibi zake, ambacho hakuna padri aliyewahi kukihubiri wala kukikanusha: kwamba maji ya mvua yanayotiririka kutoka paa la kanisa ni maji yaliyobarikiwa, na mtoto akilazwa chini ya michirizi yake yatambatiza taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka siku ya mwisho.

Ikaja siku ya mvua kubwa, mchana, mvua ya kufungia watu ndani. Avice akajifunika gunia, akaenda kwenye kichaka cha miiba na koleo la kimea. Miiba ilimchana mikono hadi viwiko. Alimtoa Lewin, akambeba kifuani kuzunguka nyuma ya kanisa mpaka upande wa kaskazini, ambako hakuna anayepita, kwani upande huo hauoni jua na watu husema ndiko shetani hupitia. Akachimba mguuni pa ukuta, chini kabisa ya ukingo wa paa. Maji yalimporomokea kichwani na shingoni, yakajaa shimoni. Hakuyachota. Alimlaza mtoto ndani yake.

"Kunywa," alimwambia. "Wakisema hukupata maji, kunywa haya."

Basi kila mvua iliponyesha Avice alilala usingizi mzuri.

Miaka ikapita, Hamo akanona. Biashara ya sufu ilimnyookea, mashamba yakafuatana kuingia mkononi mwake, mara hii kwa karatasi na mihuri na si kwa kubeba mawe. Sibley alikufa, hana raha. Hamo, mvi zikimjia, akaanza kuwaza atalala wapi akifa. Uwanjani na akina yahe hakutaka. Akatangaza kwamba atalipanua kanisa: atajenga ubavu mzima upande wa kaskazini, wenye altare yake mwenyewe na kaburi lake mbele ya altare, na padri wa kumwombea kila siku.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Hujengwa ukuta mpya nje ya ule wa zamani, na kati yao paa jipya. Kisha ukuta wa zamani hubomolewa kidogokidogo, mahali pake husimamishwa nguzo na matao ya kubeba yaliyo juu, ili watu wa ukumbini na wa ubavuni waonane. Nguzo ni nene kuliko ukuta, na misingi yake huchimbwa mapana, ndani na nje. Avice alisikiliza watu wakielezana hayo huku wakinywa pombe yake, mkono wake ukatulia juu ya pipa. Ule ukanda wa ardhi chini ya paa, alimomlaza Lewin, ulikuwa unakwenda kuchimbwa. Na hata usingechimbwa, mvua haitamfikia tena.

Mwashi mkuu aliitwa Wymark, mtu wa kutoka mbali, mwenye vumbi la mawe kwenye nyusi, na kila jioni alikuwa wa kwanza kuliona fagio. Avice alimngoja mpaka wenzake walipotoka.

"Fundi, kesho mnachimba wapi?"

"Msingi wa nguzo ya katikati. Kwa nini?"

"Kuna mtu wangu hapo."

Akamweleza yote, kuanzia jiwe la mpaka. Wymark alisikiliza bila kugusa kikombe. Mwishoni alisema kwamba mkewe naye alizika wawili porini, wala hajui kama angelipata tena lile pori. Kama Avice anataka, kesho atamtoa mtoto kwa mikono yake kabla vibarua hawajafika, amkabidhi.

Avice alikuwa amekuja kuomba hilo hasa. Lakini aliposikia likitamkwa, alijiuliza atampeleka wapi. Atamhamisha mara ngapi maiti mmoja, naye hazidi hata uzito wa mkate?

"Nguzo ikishasimama," aliuliza, "nani anaweza kuitoa?"

"Hakuna mtu. Labda anayetaka paa limwangukie. Ile ya katikati inabeba matao mawili na nusu ya ukuta wa juu."

Avice akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu baridi ile. Wymark alimtazama kwa muda, akaanza kuelewa.

"Mama, hebu niambie ukweli. Unataka kaburi la mtoto, au unataka shingo ya Hamo?"

"Vyote viwili," alisema Avice. "Kunywa, fundi. Leo hulipi."

Asubuhi yake Wymark alichimba mwenyewe. Mifupa ile midogo aliiweka ndani ya jiwe alilolitoboa kama bakuli, akalifunika kwa jiwe jingine, akaliteremsha chini kabisa ya msingi. Avice alikuwapo na mtungi. Waashi wa zamani kazi waliyotaka idumu walichanganya chokaa yake na pombe, hivyo hakuna aliyeshangaa alipoumimina wote ndani ya beseni la chokaa. Kama Mungu ameikataa kwenye kichwa cha mtoto, alimwambia Wymark, basi na aikubali kwenye nguzo. Kisha nguzo ikapanda, jiwe juu ya jiwe, nene, mviringo, nyeupe. Kileleni, pale tao linapoanzia, Wymark alichonga uso mmoja mdogo wa mtoto aliyefumba macho. Hamo aliutazama akafurahi. Alidhani ni malaika, na kwamba amefanana naye.

Askofu alikuja kuubariki ubavu mpya. Alinyunyiza maji ukutani na sakafuni, na zamu ya nguzo ya katikati ilipofika, matone yakateremka mpaka chini. Avice, aliyesimama nyuma ya watu wote, aliyafuata kwa macho hadi la mwisho. Baadaye kaburi la Hamo likachongwa lingali tupu, bamba la jiwe lenye sura yake amelala, mikono kifuani, hatua chache kutoka nguzo ile. Alipenda kuwaonyesha wageni. Tangu Jumapili iliyofuata Avice akaanza kuegemea.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakuridhika. Mtoto yuko ndani ya kanisa, mbele ya altare, mahali pazuri kuliko pote kijijini, na aliyegharimia ni adui yake mwenyewe. Wengine wangeona inatosha. Lakini kila Siku ya Marehemu Wote padri alisoma majina ya wafu wa parokia, na jina la Lewin halikuwamo. Lilikuwamo la kila mlevi na kila mwizi wa kuku, na la Sibley, na litakuja kuwamo la Hamo. Avice alitaka jina lile lisomwe, na alitaka aliyelifuta alirudishe kwa mdomo wake.

Hamo akaugua ugonjwa wa kuvimba. Ulianza miguuni ukapanda, mpaka tumbo likawa ngoma, ngozi inang'aa, na alipogeuzwa maji yalisikika ndani yake. Kijiji kikajua amefika. Padri Rolf, mzee sasa, macho yamefifia, akayaendesha mambo yake kwa utaratibu. Kwanza kitubio. Hamo akatubu, akaondolewa dhambi zake. Pili, kabla ya mpako wa mwisho wa mafuta matakatifu, anayekufa hupatana na majirani zake, amwite kila aliyemkosea waombane msamaha mbele ya mashahidi. Wakaja mmoja mmoja, wakasema nimekusamehe, wakapewa kikombe, wakaondoka. Yule mjane wa jiwe la mpaka alishakufa. Wa mwisho aliitwa Avice.

Alivaa kilemba safi. Alichukua mtungi wake wa pombe. Alipoingia aliwaomba padri na wazee wawili wa kanisa wampishe kidogo, kwamba yaliyo kati yake na Bwana Hamo ni ya zamani na yana aibu. Wakatoka wakasimama nyuma ya mlango.

"Nisamehe, Avice," alisema Hamo, kwa haraka, kama alivyowaambia wengine.

"Umevimba, jirani," alisema Avice, akavuta kisanduku akakaa. "Maji yote aliyoyakosa mwanangu yamekuja kwako."

Hamo akageuza uso. Ndipo Avice akamwambia, taratibu, bila kupandisha sauti, mahali alipo Lewin. Alimweleza mvua, na mwashi, na jiwe lililotobolewa. Alimweleza ni uso wa nani ule kileleni pa nguzo, ambao yeye amekuwa akijionea fahari miaka yote. Kwanza Hamo hakuamini. Kisha aliamini, na jasho likamtoka.

"Nitawaambia wamtoe."

"Waambie. Watoe nguzo ya katikati, watoe na paa. Na kabla ya hapo wamwite Askofu, maana sheria unaijua kuliko mimi. Kanisa lenye asiyebatizwa ndani yake limenajisika. Hapasomwi misa, hapazikwi mtu, mpaka atolewe na pabarikiwe upya. Watakulaza kwenye chumvi kama nyama ya nguruwe ukimsubiri Askofu. Na wakishindwa kumtoa, altare yako itafungwa milele, nawe utakwenda kule kwenye miiba."

"Nitanyamaza. Hakuna anayejua."

"Mimi najua. Wymark anajua, yuko kijiji cha pili na ataapa. Siku ya maziko yako nitaongea kabla hawajainua bamba."

Nje padri alisikika akikohoa.

"Unataka nini?"

"Mwite Rolf na wazee wako. Apa kwamba yalikuwa maji. Kwamba Sibley alibatiza kwa maji, na wewe ulizua pombe kwa chuki, ukamtishia mkeo asiseme. Basi Lewin ni Mkristo, kanisa ni safi, nawe utalala pazuri."

Hamo alimkazia macho. Alikuwa mtu mbaya, lakini mjinga hakuwa.

"Ilikuwa pombe, Avice. Wewe unajua ilikuwa pombe."

"Najua. Mimi ndiye niliyeipika."

"Nimeshatubu. Ukinifanya niape uongo sasa, nakwenda nao."

"Ndiyo," alisema Avice.

Hicho ndicho alichokuwa amekingojea nguzoni Jumapili zote zile, na utamu wake ulimjaa mpaka machoni. Alimwona Hamo akipima, kama alivyopima sufu: upande huu roho yake, upande huu bamba lenye sura yake. Mtu mwingine angechagua roho. Lakini Hamo hajawahi katika maisha yake kuachia kipande cha ardhi alichokwisha kukitia mkononi.

Wakaingizwa. Hamo akaweka mkono juu ya kitabu cha padri, mkono uliovimba mpaka pete imezama, akaapa kwamba yalikuwa maji. Akasema yote, hata lile la kumtishia Sibley, na kwa kuwa lile la kumtishia halikuwa mbali na kweli, lilisikika vizuri. Wazee wawili wakatazamana. Padri Rolf akaanza kulia kama mtoto, akipapasa hewani akimtafuta Avice, akisema ametenda dhambi, amemfukua Mkristo kwa mikono yake. Avice akamwambia basi asihangaike, mtoto yuko kanisani tayari, na akasema ni wapi.

Padri akafuta uso. Akashukuru Mungu. Halafu, kwa kuwa alikwisha kukosea mara moja kwa kusikiliza mtu mmoja, akasema safari hii atafanya inavyopasa.

"Binti yangu, wakati ule hatukukuuliza," alisema. "Ulikuwapo. Weka mkono hapa, uniambie mbele ya Mungu. Yalikuwa maji?"

Avice hakulitarajia hilo. Alikuwa amewaza kila kitu miaka yote ile, akawaza uso wa Hamo, akawaza na chumvi, lakini hakuwaza kwamba kitabu kitaletwa upande wake. Aliutazama mkono wake. Alijua mwenye kuapa uongo juu ya Injili huenda wapi, tena alijua, kama kweli Mungu aliipokea ile pombe, au ile mvua, Lewin yuko wapi. Si mahali pamoja. Kitandani Hamo alikuwa amekwisha kuona. Midomo yake iliyopasuka ilianza kutanuka taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu baraza la jiwe la mpaka alionekana mtu mwenye raha.

Avice akaweka mkono juu ya kitabu.

"Maji," alisema. "Yalikuwa maji."

Padri akaibusu kanzu ya kazi ya Avice. Wazee wakainamisha vichwa. Hamo akasema kwa sauti ndogo, Avice tu asikie:

"Basi tutaonana, jirani."

Avice alijaza kikombe kutoka kwenye mtungi, akamshikia kinywani, Hamo akanywa. Kisha akarudi kukaa kwenye kisanduku, wala hakutoka wakati wa mpako, wala baadaye, asije mgonjwa akabadili nia na kumwita padri faragha. Alikaa hapo akimtazama mpaka akakata roho, kabla kengele ya jioni haijalia.

Hamo alizikwa chini ya bamba lake kama alivyotaka. Siku ya Marehemu Wote Padri Rolf alisoma majina, na la kwanza kabisa, kabla ya mabwana na wafadhili, lilikuwa la Lewin mwana wa Tebald. Avice alilisikia akiwa ameegemea nguzo. Waliokuwa karibu naye walisema uso wake haukubadilika, ila aliupeleka mkono nyuma akaishika nguzo kwa kiganja, kama unavyomshika mtu bega.

Aliishi muda mrefu baada ya hapo na pombe yake haikuharibika. Alipokuwa anakufa walimwambia kwamba anaweza kulala ndani, karibu na mtoto. Kijiji kilikuwa kimeshaona haya ya kutosha na kisingemnyima. Akakataa. Alisema azikwe nje, upande wa kaskazini, mguuni pa ukuta mpya, chini ya ukingo wa paa. Walimuuliza kwa nini achague mahali pa baridi vile, panapochuruzika maji mwaka mzima. Akasema ana kitu cha kuosha, na kinaweza kuchukua muda.